Iandikwe kwenye muhtasari: mzazi wa Tanga na maamuzi ya shule

Kila Januari, katika shule za Jiji la Tanga, kuanzia Ngamiani mpaka Mabokweni, husikika malalamiko yaleyale: watoto wamerundikana, wengine wanakaa sakafuni, matundu ya choo hayatoshi. Malalamiko ni ya haki. Kasoro ipo kwenye tarehe. Fedha za darasa linalohitajika Januari hutoka katika bajeti iliyoanza Julai iliyopita, na bajeti hiyo ilianza kukusanywa mitaani Oktoba au Novemba ya mwaka wa nyuma yake. Mzazi anayesimama Januari amechelewa miezi kumi na minne hivi. Atajibiwa kwa heshima, pengine atapigiwa makofi, na darasa litabaki kama lilivyo.

Kwa hiyo anayetaka sauti yake ifike shuleni aanze na kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Takriban Oktoba na Novemba mitaa hukaa kuibua vipaumbele vyake, kwa utaratibu unaoitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Vipaumbele hivyo hupanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata, na ndani yake wamo wenyeviti wote wa mitaa ya kata hiyo. Kutoka hapo huenda kwa wataalamu wa halmashauri, halafu kamati za kudumu za madiwani, na mnamo Februari Baraza la Madiwani hupitisha. Kuanzia Aprili hadi Juni ni zamu ya Bunge. Ukishaona bajeti inasomwa Dodoma, ya mtaani kwako yalikwisha siku nyingi.

Kwa walio nje ya jiji, upande wa Mkinga, Muheza au Pangani, badala ya mtaa kuna kijiji. Huko ipo Halmashauri ya Kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25, na mkutano mkuu wa kijiji unaopaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, ambao kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ana haki ya kuingia na kupiga kura. Safari ya hoja ni ileile.

Shuleni penyewe kuna vyombo viwili ambavyo watu huvichanganya. Shule ya msingi ina kamati ya shule. Sekondari ina bodi ya shule. Katika kamati, mwalimu mkuu ndiye katibu. Wamo wawakilishi waliochaguliwa na wazazi, wawakilishi wa walimu, na uongozi wa mtaa au kijiji. Mwenyekiti si mwalimu. Kamati ndiyo inayopitisha mpango wa shule na bajeti yake ndogo, inayosimamia matumizi, inayofuatilia mahudhurio ya watoto na walimu, na inayoitisha wazazi. Chini yake kuna Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, UWaWa, ambao wazazi wake huchaguliwa kwa kila darasa. Mzazi mgeni wa mambo haya ningemshauri aanzie huko: kazi ni ndogo, unawafahamu wazazi wa darasa moja, na unajifunza namna shule inavyoendeshwa kabla hujabeba dhamana ya fedha.

Kuingia kwenye kamati hakuhitaji kadi ya chama. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu uongozi wa mtaa unahitaji udhamini wa chama cha siasa, na wazazi wengi wenye uwezo hujiweka kando kwa kudhani kila kiti cha umma ni hivyohivyo. Kinachohitajika ni kujua kipindi cha kamati iliyopo kinaisha lini. Muulize mwalimu mkuu, tena kwa adabu na mapema: «Shikamoo mwalimu, naomba kujua kamati yetu inamaliza muda wake lini, na mkutano wa uchaguzi utakuwa mwezi gani.» Swali hilo lenyewe husaidia, maana kamati nyingi hupitiliza muda kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Siku ya mkutano uwe umezungumza na wazazi, hasa akina mama, ambao ndio wengi wanaofika shuleni. Wagombea wengi hushindwa kwa sababu jina lao lilipendekezwa na watu watatu waliokaa benchi moja, na waliobaki hawawajui.

Saa ya mkutano nayo huamua nani atakuwa na sauti. Mkutano wa saa tatu asubuhi siku ya kazi huwakosa wauza samaki, wa kiwandani, na madereva wa bodaboda. Ijumaa mchana haifai Tanga hata kidogo. Jumamosi baada ya swala ya Alasiri, ukafungwa kabla ya Magharibi, ndiyo saa inayojaza viti, na mwezi wa Ramadhani ni heri mkutano ukafanywa kabla haujaandama. Tangazo lipite njia tatu au nne kwa pamoja: karatasi ndogo kwa kila mtoto, ubao wa matangazo wa mtaa, kipaza sauti, na kundi la simu la wazazi. Akidi, yaani idadi ya chini ya watu wanaotakiwa kuhudhuria, isipotimia mkutano hauna nguvu, na maamuzi yake yanaweza kupingwa na mtu yeyote aliyeudhika nayo. Kwa hiyo mahudhurio yaandikwe kwa majina na sahihi, yasikadiriwe kwa macho.

Sasa muhtasari, ambao kwangu ndio kiini cha yote. Afisa wa halmashauri hatekelezi hotuba. Anatekeleza maandishi yenye namba, tarehe na sahihi ya mwenyekiti na katibu. Vikao vyetu vina mpangilio unaojulikana: kufungua, kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, ajenda za siku, taarifa ya mapato na matumizi, mengineyo, kufunga. Wazazi wengi hungojea mengineyo. Hapo watu wameshachoka, katibu ameshafunika kalamu, na hoja huishia kwenye maneno «imepokelewa». Mahali penye nguvu ni yatokanayo, kwa sababu hapo mwenyekiti analazimika kueleza lililoamuliwa mara ya mwisho limefikia wapi. Ili hoja yako iwe kwenye yatokanayo ya kikao kijacho, lazima leo iandikwe kama azimio lenye vitu vitatu: nini kitafanywa, nani atakifanya, mpaka tarehe gani. «Kikao kimeazimia katibu aandike barua kwa mtendaji wa kata kuomba matundu sita ya choo cha wasichana, kabla ya Oktoba 31.» Usikubali «suala la vyoo lilijadiliwa». Simama useme kwa upole, «Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba iandikwe kwenye muhtasari,» kisha umsubiri katibu amalize kuandika.

Na hoja ije na hesabu. Vigezo vinavyotumika nchini ni wanafunzi 45 kwa darasa la shule ya msingi, tundu moja la choo kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Chukua shule ya mfano yenye wanafunzi 600, nusu kwa nusu. Inahitaji vyumba 14, matundu 15 ya wasichana na 12 ya wavulana. Madawati ya kukaa watoto watatu ni 200. Tembea shuleni na mwalimu, hesabu vilivyopo na vinavyotumika kweli, maana tundu lililojaa au lisilo na mlango halihesabiki. Tofauti unayopata ndiyo ombi lako. Diwani akiingia kwenye kikao cha kata na karatasi ya namna hiyo, anaweza kushindana na kata nyingine. Akiingia na maneno «wananchi wanalia na vyoo», hana cha kushika.

Upande wa fedha, ni vizuri kujua ukubwa wa kinachozungumzwa kabla ya kumtuhumu mtu. Ada na michango ya lazima ilifutwa kuanzia Januari 2016 kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, na shule ya msingi hupokea ruzuku ya uendeshaji, maarufu kama kapitesheni. Kiwango ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo Sh 6,000 huingia akaunti ya shule na Sh 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Shule yetu ya wanafunzi 600 inapata Sh 3,600,000 kwa mwaka, yaani Sh 300,000 kwa mwezi. Ndani ya hiyo kuna chaki, karatasi za mitihani, matengenezo, michezo na utawala. Mzazi akishaiona hesabu hiyo, swali lake hubadilika. Haulizi tena kwa nini shule haijengi ukuta kwa kapitesheni. Anauliza kama idadi ya wanafunzi iliyopelekwa halmashauri ni sahihi. Hapo ndipo shule za pembezoni mwa jiji, kama za Pongwe na Tongoni, zinapaswa kuwa macho: watoto wakihamia na takwimu zisirekebishwe, shule huhudumia 600 kwa fedha ya 520.

Taarifa ya mapato na matumizi inapaswa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo na kusomwa mbele ya wazazi. Isome kwa mpangilio huu: salio la kuanzia, fedha zilizoingia na tarehe zake, matumizi kwa kila fungu, salio la mwisho. Salio la kuanzia la robo hii lazima lilingane na salio la mwisho la robo iliyopita. Lisipolingana, pana safu iliyorukwa. Halafu omba wajumbe wa kamati walinganishe salio hilo na taarifa ya benki. Kwa manunuzi, fuata karatasi nne: maombi, hati ya malipo, risiti ya mashine, na hati ya kupokelea mali. Inayokosekana mara nyingi ni ya nne. Mali imelipiwa, risiti ipo, ila hakuna aliyesaini kwamba iliingia stoo. Si lazima uwe wizi, mara nyingi ni mazoea mabaya tu, lakini mazoea hayo ndiyo yanayomfungulia mwizi mlango.

Uji na makande ndiyo mahali wazazi wanapogombana zaidi. Michango ya lazima imekatazwa, na Januari 2018 Rais John Magufuli alikemea waziwazi walimu kukusanya michango. Chakula kinaruhusiwa kwa makubaliano ya wazazi wenyewe, kwa ngazi: mkutano wa wazazi, kamati ya shule, uongozi wa mtaa na kata, kisha kibali cha ngazi ya wilaya. Mtoto harudishwi nyumbani wala hanyimwi kufanya mtihani kwa sababu mzazi wake hajachangia. Hilo liandikwe kwenye azimio lenyewe, lisiachwe kwenye nia njema ya mtu.

Hesabu yake haina ugumu. Mwaka wa masomo una siku 194. Mtoto akila gramu 100 za mahindi na gramu 30 za maharage kwa siku, kwa mwaka anahitaji kilo 19.4 za mahindi, yaani debe moja na ushei, na maharage kilo 6 kasoro kidogo. Watoto 600 hula kilo 60 za mahindi kila siku. Sasa jiulize stoo ina nafasi ya mifuko mingapi. Kwa joto na unyevunyevu wa Tanga, kununua mahindi ya mwaka mzima kwa mkupuo ni kosa, hata kama bei ya mavuno inavutia. Mahindi yasiyokauka vizuri huota ukungu na kupata sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kuchemsha. Nunueni kwa muhula, wekeni mifuko juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita, na kila mfuko unaotoka uandikwe kwenye leja na saini mbili. Mkusanyaji wa fedha asiwe mwalimu. Familia yenye watoto wanne shuleni isitozwe mara nne bila kufikiriwa. Afadhali mkutano uamue punguzo hadharani kuliko watu kuanza kukwepa kimyakimya, maana wakianza kumi wanafuata mia. Na jiko lipangwe mapema, kwani serikali imeelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa.

Ujenzi nao siku hizi uko karibu na wananchi kuliko zamani. Miradi mingi ya madarasa huendeshwa kwa fosi akaunti: fedha inaingia akaunti ya shule, mafundi wa mtaani wanapewa kazi, na wananchi wanaunda kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Katika mpango wa UVIKO-19 wa mwaka 2021 kila darasa lilipangiwa Sh milioni 20. Kosa la kawaida ni mtu mmoja kuwa kwenye kamati mbili, akanunua na akapokea mwenyewe. Mkatae, hata akiwa mwaminifu kupita wote.

Anayekaa kamati ya mapokezi si lazima awe fundi, ila ajue mambo machache ya pwani. Mfuko wa saruji wa kilo 50 hutoa tofali imara za nchi 6 kama 30 hivi. Ukiambiwa zimetoka 45 au 50, mchanganyiko ni mchanga mtupu, na ukikwaruza kwa msumari tofali linapukutika. Tofali zimwagiliwe maji asubuhi na jioni kwa siku zisizopungua 7, chini ya kivuli au zikiwa zimefunikwa. Mchanga wa ufukweni ukatae kabisa: una chumvi, chumvi hula nondo, nondo ikishika kutu huvimba na kuipasua zege. Lenta zinazoonyesha nondo nyekundu baada ya miaka michache zilianza hivyo. Bati lipimwe kwa geji, na kumbuka namba ikiwa kubwa bati ni jembamba, kwa hiyo geji 30 ni jembamba kuliko 28, na kwa upepo wa chumvi unaovuma kutoka baharini tofauti hiyo inaonekana mapema. Mbao ziwe zimetiwa dawa ya mchwa. Lori likifika, hesabuni kabla halijashusha, andikeni kwenye daftari namba ya gari, tarehe na idadi, wapokeaji watatu wasaini. Zege la msingi lisimwagwe wakati wa masika bila mpango wa kuondoa maji kwenye mtaro. Masika ya Machi hadi Mei yameharibu misingi mingi iliyoharakishwa ili fedha iishe kabla ya Juni.

Ukinyimwa taarifa, usianze na ugomvi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya 2016 inakupa haki ya kuomba kwa maandishi, na ofisi inapaswa kukujibu ndani ya siku 30. Barua iwe fupi: taarifa gani, ya kipindi gani, unataka nakala au kusoma. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Bila muhuri huo siku 30 hazina pa kuanzia. Ngazi za malalamiko ya shule ni mwalimu mkuu, kamati, Afisa Elimu Kata, Afisa Elimu wa halmashauri, kisha Mkurugenzi. Kuruka ngazi hukurudisha chini na kukupotezea wiki kadhaa. Isipokuwa rushwa: hiyo haihitaji ngazi, TAKUKURU wanapigiwa bure namba 113. Vikao vya Baraza la Madiwani pia viko wazi kwa wananchi. Husemi, lakini ukikaa ukamsikiliza diwani wako, utajua kama karatasi yako ilifika.

Kuhusu kura, jambo moja limewaumiza wengi. Uchaguzi wa serikali za mitaa una orodha yake ya wapiga kura. Kwa uchaguzi wa Novemba 27, 2024, kujiandikisha kulikuwa kati ya Oktoba 11 na 20 mwaka huo, mtaani unapoishi. Kadi ya mpiga kura ya uchaguzi mkuu haikukuingiza kwenye orodha hiyo. Uchaguzi huu huja kila baada ya miaka mitano, na mwenyekiti wa mtaa anayepatikana ndiye anayeitisha mkutano wa vipaumbele na ndiye anayeingia kwenye kikao cha kata. Ukimpuuza yeye ukamngojea mbunge, umeruka mlango ulio karibu nawe.

Kuna hoja moja ambayo kila kata ya Tanga inapaswa kuwa nayo mezani. Kwa mtaala mpya unaotokana na Sera ya Elimu toleo la 2023, elimu ya msingi ni miaka sita. Watoto walioingia darasa la tatu mwaka 2024 wanamaliza darasa la sita mwaka 2027. Walioingia darasa la nne mwaka huohuo 2024 wanamaliza la saba, mwaka huohuo 2027. Januari 2028 wote wanaingia kidato cha kwanza pamoja. Sekondari ya kata inayopokea wanafunzi 160 kwa mikondo minne ya 40 ijiandae kupokea karibu 320, na msongamano huo utapanda nao kidato hadi kidato mpaka mwisho wa mwaka 2031. Ni vyumba vinne zaidi, maabara ileile, vyoo vilevile, walimu walewale kama hakuna anayeomba.

Ujenzi wa bajeti ya 2027/28 unaweza kuanza Julai 2027 tu, na unabakiwa na miezi sita yenye mvua za vuli ndani yake. Usalama uko kwenye bajeti ya 2026/27, na 2027/28 iwe ya kumalizia samani na vyoo. Shule za msingi nazo zitaachiwa vyumba vya darasa la saba, na pale ambapo msingi na sekondari zinapakana, bodi na kamati zinaweza kukaa pamoja kuomba vyumba hivyo vitumike kwa kidato cha kwanza. Ombi hilo linahitaji barua moja yenye mihtasari miwili: wa kamati ya shule ya msingi na wa bodi ya sekondari, kila mmoja na idadi ya vyumba, idadi ya wanafunzi wa darasa la sita na la saba kwa kila shule inayolisha sekondari hiyo, na sahihi. Nakala iende kwa Afisa Elimu Kata, kwa mtendaji wa kata na kwa diwani, na ajenda yake iombwe kabla ya kikao cha kata cha Novemba.